Pembe za Shuka

Tumbo ndilo lililonipa darasa hili. Kazi yangu ni ukalimani wa mikutano, Kiswahili na Kifaransa, na kwa miaka kumi na tisa hoteli zimekuwa nyumba yangu ya pili. Lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona mtu akitengeneza chumba changu. Natoka saa mbili kasorobo asubuhi, kitanda kimevurugika kama meza ya mitumba. Narudi saa kumi na moja jioni, kimenyooka, utadhani hakuna aliyewahi kukilalia. Yaliyopita katikati nilikuwa nayachukulia kama maji ya bomba: yanatoka, basi.

Safari ile, Nairobi, sambusa za chai ya saa nne hazikunitakia mema. Kesho yake nikamwomba mwenzangu anishikie zamu kwenye kibanda cha ukalimani, nikabaki chumbani na chupa ya maji niliyoyatia chumvi na sukari.

Hoteli yenyewe ni ya zile zenye jina moja katika miji mingi. Si ya nyota za kutisha, ambako mtu anakupokea hadi mkoba wa mkononi. Wala si gesti, ambako mwenye nyumba mwenyewe anakukabidhi ufunguo, ndala na kipande cha sabuni. Ni ya katikati. Wateja wake ni sisi watu wa warsha, wenye beji shingoni na posho iliyokwisha kupigiwa hesabu kabla haijaingia mfukoni. Ni wauzaji wa vifaa vya hospitali. Ni familia iliyoachwa na ndege. Kifungua kinywa chake unakijua hata kama hujafika: foleni ya mayai, maharage ya kopo, na mtu mmoja anayefunga ndizi tatu kwenye karatasi ya kupangusia mikono. Hayo tuyaache mezani. Yenye maneno ni niliyoyaona ghorofa ya nne.

Alibisha mara tatu kwa kifundo cha kidole, akanyamaza, akabisha tena. "Hausikipingi."

Nikamfungulia. Mwanamke wa miaka arubaini na kitu, nywele zimefungwa, viatu bapa. Alipoiona sura yangu akarudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo mama. Pole. Nirudi baadaye?"

"Marahaba. Ingia tu, dada. Mimi nitajikalia hapa kitini."

"Mama ni wa Tanzania."

"Umejuaje?"

"Umenikaribisha kama ni kwako," akasema, akacheka.

Yeye ni wa Voi. Ameifanya kazi hii miaka kumi na minne, na aliyemfunza alisomea Chuo cha Utalii cha Kenya, kile cha Barabara ya Thika kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Alilitaja hilo kama fundi cherehani anavyomtaja fundi aliyemkalisha kwenye mashine kwa mara ya kwanza.

Mlango aliuacha wazi, akalisimamisha toroli lake kizingitini likaziba njia. Sikutarajia aanze na taa. Aliziwasha zote, hata ile ndogo ya kusomea ambayo sikuwa nimeiona, akawasha televisheni, akavuta pazia, akaenda kuvuta maji chooni. Dakika haijaisha alikuwa ameshajua kipi kimekufa tangu jana. Kisha akamimina dawa chooni, akanyunyiza nyingine kwenye sinki, akaviacha hivyo hivyo na kurudi kitandani. Dawa inataka muda wa kuuma, aliniambia. Ukiifuta hapo hapo umepoteza dawa na umeumiza mkono bure. Kwa hiyo wakati yeye anatandika, choo kinajisafisha. Mama yangu naye huinjika maharage kwanza ndipo akae kumenya vitunguu, na hakuna aliyewahi kumpa cheti.

Kitanda alikivua kwa utaratibu, upande kwa upande. Foronya hakuzikung'uta mbili kwa pamoja. Alishika pembe zilizoshonwa, akatikisa moja moja, jicho likiwa kwenye kinachodondoka. Humo hutoka miwani, hereni, meno ya bandia, simu, na siku moja, alisema, hirizi iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Hirizi ile ilipelekwa mapokezi, ikaandikwa kwenye daftari la vitu vilivyosahauliwa, na mwenyewe akapiga simu kutoka uwanja wa ndege akiwa amepungukiwa na pumzi. Mashuka machafu hayakugusa sakafu. Yaliingia moja kwa moja kwenye mfuko wa toroli. Halafu akapitisha kiganja juu ya godoro, kutoka kichwani hadi miguuni, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Unyevu, doa, mdudu, chembe ya mkate: vyote hivyo mkono hubaini kabla ya macho.

Sisi watu wa Pwani neno kutandika tunalibebesha mengi. Hutandikwa mkeka, hutandikwa punda, na mtoto mkorofi naye hutandikwa. Bibi yangu kule Tanga alikuwa akitandika kitanda cha bibi harusi kwa mashuka yaliyofukizwa udi, na asumini akazitawanya juu ya mto. Hapakuwa na haja ya kuuliza nani amekitandika. Ukiingia chumbani pua inakwambia. Kitanda cha hoteli kinatakiwa kinyume chake. Kisinuke udi, kisinuke sabuni, kisinuke mtu. Kwa muda mrefu nililihesabu hilo kuwa umaskini wa hoteli. Sasa nilikuwa namtazama mtu akiifuta harufu yangu mwenyewe, pamoja na ugonjwa wangu, kutoka mahali nilipogaagaa usiku kucha, na nikaona kwamba bibi angemwelewa vizuri kuliko mimi. Bibi aliongeza mpaka chumba kikawa cha mtu mmoja tu duniani. Huyu anapunguza mpaka kinakuwa cha yeyote atakayefungua mlango.

Mashuka ni meupe, na weupe huo una sababu. Yote yanaingia mashine moja, yanapigwa dawa ya kung'arisha bila hofu ya kuchuja, na doa halina pa kujificha. Mgeni anaamini jicho lake mwenyewe. Hapo zamani vitanda vingi vya hoteli vilifunikwa matandiko mazito yenye maua ya rangi rangi, yaliyostahimili kila kitu na kufuliwa kwa nadra. Mwaka 1999 hoteli za Westin zikatangaza kitanda chao cheupe tangu mto hadi miguuni, na hoteli za bei ya kati hazikukawia kufuata, kwa kitambaa cha bei nafuu zaidi, chenye pamba iliyochanganywa na poliesta. Hukauka upesi, hakiwi na makunyanzi mengi, na ukilala usiku wa joto unajua tofauti. Lakini kwa macho, ukisimama mlangoni, hujui.

Sasa pembe. Shuka la chini alilirusha mara moja tu. Likajaa upepo, likashuka, mkunjo wa katikati ukaangukia katikati ya godoro kama uliopimwa kwa rula. Akalichomeka kichwani. Kisha akasogea kwenye pembe. Kama shibiri moja na nusu hivi kutoka ukingoni, alilinyanyua shuka lililoning'inia ubavuni akalilaza juu ya godoro, ikatokea pembetatu. Kilichobaki kikining'inia chini akakichomeka. Akaishusha ile pembetatu, akaibana kwa mkono mmoja isisogee, kwa mkono mwingine akaichomeka nayo. Ukabaki mstari mmoja wa mshazari, nyuzi 45, kama mkunjo wa bahasha. Sekunde sita, labda saba. Nilimwomba arudie. Akarudia, na mara ya pili ilitoka sawasawa na ya kwanza. Hapo ndipo nilipojua kwamba namtazama fundi, kwa sababu mimi nikirudia sentensi ya mtu kibandani huwa haitoki vilevile.

Hakuzunguka kitanda ovyo. Alimaliza upande mmoja wote, shuka la chini na la juu, kichwani hadi miguuni, ndipo akavuka. Mzunguko mmoja, kitanda kimekwisha. Siku ya kawaida ana vyumba kumi na vinne au kumi na vitano ndani ya zamu ya saa nane, ukitoa chakula cha mchana, ukitoa kungoja lifti na kungoja mashuka kutoka kwa dobi. Chumba cha mgeni anayebaki, kama changu, kinaweza kwisha kwa dakika ishirini. Cha aliyeondoka, wanachokiita chekiauti, kinakula nusu saa na zaidi, na kama mlikuwa na watoto wenye biskuti, Mungu ndiye anayejua. "Ukizunguka kila kitanda mara tatu," alisema, "jioni umeshafika Thika kwa miguu."

Duveti ilinichekesha kwa furaha. Kwangu, kuvisha duveti ni mieleka: mtu anaingia ndani ya mfuko, anatokea jasho linamtoka, na pembe moja haipo. Yeye aligeuza mfuko nje ndani, akaingiza mikono hadi kwenye pembe mbili za mwisho, akazishika pembe za duveti kupitia kitambaa, akanyanyua, akatikisa. Mfuko ukateremka wenyewe kama kanzu inavyomteremkia mtu aliyeinua mikono. Mito ikafuata, midomo ya foronya ikielekezwa mbali na mlango. Kwa nini? Kwa sababu mgeni anapoingia macho yake yatue kwenye ukingo ulioshonwa, yasione mdomo wazi na mto unaochungulia. Nimelala kwenye vitanda vya namna hii mamia ya mara. Sikuwahi kuliona hilo, na sikuwahi kukosa kulihisi.

Ubavuni mwa toroli, ndani ya plastiki, palining'inia picha. Ni picha ya chumba hiki hiki, au cha pili yake, kwa kuwa vyote ni kimoja: kalamu imelala mshazari juu ya karatasi, kidude cha televisheni kiko kulia kwa simu, glasi mbili, birika, pakiti za chai. Kazi yake, kwa ufupi, ni kukirudisha chumba kwenye picha kila siku ya Mungu, hata kama usiku kimepita kimbunga.

Picha hiyo ina baba zake. Mwaka 1908, katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, Ellsworth Statler alifungua hoteli iliyompa kila mgeni chumba chenye bafu lake kwa dola moja na nusu. Ili bei iwe hiyo, mabafu aliyapanga mgongo kwa mgongo yatumie njia moja ya mabomba; ndiyo maana hadi leo, katika miji ambayo Statler hakuwahi kuisikia, unaweza kujua jirani yako anapopiga mswaki. Kisha akaja Kemmons Wilson, mjenzi wa nyumba wa Memphis, aliyefunga safari ya gari kwenda Washington mwaka 1951 na mkewe na watoto watano, akatozwa njiani dola mbili za ziada kwa kila mtoto katika vyumba ambavyo hukujua kama vitakuwa safi au vya kutia kichefuchefu. Mwaka uliofuata akafungua Holiday Inn ya kwanza, watoto wakalala bure na wazazi wao, na jina likatokana na filamu ya mwaka 1942: mchoraji wa ramani za Wilson ndiye aliyeliandika kwenye karatasi kwa utani. Kampuni hiyo baadaye, mwaka 1975, ilijitangaza kwa maneno kwamba mshangao ulio bora ni kutoshangazwa.

Wasomi wengi wameyacheka maneno hayo, na wana haki yao. Mimi nilipokuwa msichana nilifika mji mmoja usiku, peke yangu, nikapewa chumba kisicho na komeo, na shuka lenye alama ya mtu aliyetangulia. Tangu siku ile sina ubishi na mtu anayetaka asishangazwe. Ila Statler na Wilson walichora tu. Mchoro haujitandiki.

Bafuni alianza juu akashuka: kioo, rafu, sinki, bomba, choo, sakafu. Ana vitambaa vya rangi tofauti, na cha choo hakikaribii glasi hata kwa bahati mbaya. Hilo alilisema kwa sauti ya mtu anayetaja haramu. Unywele mmoja ulionata kwenye kigae hakuusukuma kwa maji. Aliudaka kwa karatasi iliyoloa. Mabomba aliyafuta mara mbili, mara ya pili kwa kitambaa kikavu, kwa sababu tone likikauka lenyewe huacha alama, na alama ile humwambia mgeni kwamba alikuwapo mtu mwingine kabla yake. Kioo alikitazama kutoka ubavuni, shingo imepinda, si uso kwa uso. Ukikitazama uso kwa uso, alisema, unajiona wewe, huoni uchafu.

Nilimwacha aseme hivyo bila kuingiza neno. Mkalimani hujifunza.

Karatasi ya chooni akaikunja ncha iwe pembetatu. Nilikuwa nadhani ni mapambo. Ni saini: anayeingia, hata msimamizi anayekagua mbio mbio, anajua mkono umeshapita hapa.

Lakini lililonikalia moyoni zaidi ya pembe na duveti ni namna alivyovishughulikia vitu vyangu. Meza yangu ilikuwa aibu: orodha za maneno ya bajeti na ya uvuvi, karatasi nusu zilizochanika, risiti, ganda la karanga, kitabu kilichofunguliwa kikalazwa kifudifudi. Alianzia mlangoni akafuata ukuta, kwa mwendo wa mshale wa saa, kila kitu kikapanguswa kwa zamu yake, na alipofika mezani akanyanyua kitabu kwa mikono miwili, akapangusa chini yake, akakirudisha kifudifudi kwenye ukurasa uleule. Karatasi iliyochanika hakuitupa. Ganda la karanga nalo hakulitupa. Alilisogeza kwenye kisahani.

"Hilo ganda ni taka, dada."

"Kama halimo kwenye ndoo, si taka."

Hiyo ndiyo kanuni, na ina historia yake ya machozi. Palikuwa na mgeni aliyeandika namba ya simu kwenye pakiti ya sigara tupu. Palikuwa na mwingine aliyefunga jino la mwanawe kwenye karatasi ya kufutia pua. Taka si umbo la kitu. Ni uamuzi wa mwenyewe, na mwenyewe huuonyesha kwa kutupa. Nimewahi kufanya kazi na wahariri waliokuwa na hekima pungufu ya hiyo mbele ya maandishi ya watu.

Ndipo nilipokumbuka jambo la jana yake. Nilikuwa nimemwachia shilingi mia tano mezani, bila neno, nikajiona mkarimu. Jioni nikazikuta palepale, juu ya karatasi za kuandikia, zimenyooshwa, ukingo wa noti umelingana na ukingo wa karatasi. Nilinung'unika kidogo, nilidhani nimedharauliwa. Kumbe pesa isiyosema ni ya nani hubaki ya mgeni. Nilimwomba radhi, yeye akaangalia pazia.

Mwili unalipa. Anapoinua godoro hupiga goti moja, haupindi mgongo. Hilo alifunzwa, na wasiolishika huacha kazi wakiwa bado vijana. Nilimsimulia utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wa Alia Crum na Ellen Langer. Waliwachukua wahudumu wa vyumba 84 katika hoteli saba, baadhi wakaambiwa kwamba kazi yao yenyewe ni mazoezi ya kutosha ya mwili. Baada ya wiki nne, walioambiwa walipungua uzito na shinikizo la damu likashuka, ingawa walisema hawakubadili chochote. Alisikiliza hadi mwisho, dekio mkononi.

"Basi hao wasomi waje," alisema. "Nitawaachia vyumba viwili vitatu, wafanye mazoezi."

Alimaliza kwa kurudi kinyumenyume. Alidekia kutoka dirishani kuja mlangoni, akipita pembeni mwa kiti changu kama maji yanavyopita jiwe, ili asiache nyayo nyuma yake. Alipofika kizingitini alisimama. Hakuangalia kitu kimoja. Aliangalia chumba kizima, kwa macho ya mtu anayeingia na begi akiwa amechoka. Akarudi hatua nne kwa ncha za vidole, akaisogeza taa ya kitandani kama upana wa kidole gumba. Akatoka tena. Akaangalia. Akaandika saa kwenye karatasi yake: dakika ishirini na sita, na sita kati ya hizo nadhani zilikuwa za maswali yangu.

"Upone haraka, mama. Ukihitaji taulo piga sifuri."

Nikamsikia akibisha mlango wa pili. Mara tatu, kimya, kisha tena.

Siku ya kuondoka niliandika kwenye ile karatasi ya hoteli kwa herufi kubwa: HIZI NI ZAKO, DADA WA VOI. Nikaweka noti juu yake. Halafu nikafanya jambo la kijinga, nikaanza kutandika kitanda nisije nikaonekana mchafu, nikakumbuka kwamba cha anayeondoka kinavuliwa chote na mashuka yote yanakwenda kwa dobi. Nikakiacha.

Nyumbani, Tanga, nilinunua mashuka mapana, yenye kutosha kuchomekwa. Nilifanya pembe nne. Ya kwanza ilinichukua kama dakika tatu, ya nne ilipendeza kiasi kwamba nilimwita jirani. Usiku mume wangu alijitupa kitandani kama kawaida yake, akajaribu kunyoosha miguu, ikakwama. Akakaa kitako gizani, akauliza kwa upole kabisa miguu yake imefungwa kwa kosa gani.